Hotuba Yenye Wino Mwekundu

"Je, mdogo wako atagombea tena?"

Swali hilo nimeulizwa dukani, nimeulizwa kwenye foleni ya benki, nimeulizwa na daktari wa meno huku mdomo wangu uko wazi na vyuma vyake vimo ndani. Yaani hata asingoje niteme! Mwanzoni nilikuwa najibu kistaarabu. Baadaye nikawa nasema, "Mwulizeni mwenyewe, ana mdomo." Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu, nina miaka sabini na mitatu, magoti yananiuma, na swali moja nikiulizwa mara mbili nakasirika. Sasa mara mia mbili?

Lakini kusema kweli swali lile lilikuwa langu pia. Nilikuwa nalala nalo na kuamka nalo.

Mdogo wangu ni mwanasiasa. Miaka mitano iliyopita aligombea urais akashindwa kwa kura chache mno, mpaka wakazihesabu mara mbili. Chama chake ni cha wale wanaotaka mambo yaende taratibu: ya zamani yaheshimiwe, serikali isiingize mkono kila mfuko, kisivunjwe kitu kabla hujajua utajenga nini. Na hata ndani ya chama hicho yeye yuko katikati, hana makali. Paa likivuja, husema, unapanda ukaziba, huchomi nyumba. Kwa maneno hayo watu wakambandika jina la Bwana Ziba, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli, na yeye akalipokea hivyo hivyo.

Mimi sasa ni wa upande wa pili. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa injini za treni na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi wa reli, na nyumba ninayokaa mpaka leo ni ya reli. Mtaani kwetu ukisema unakipenda chama cha mdogo wangu, watu wanakuangalia miguuni kuona umekanyaga nini. Yeye na shemeji yake walikuwa wakibishana hapa kila Jumapili mpaka redio haisikiki, halafu wanasindikizana mpaka kituoni wameshikana mikono. Mume wangu alipofariki, ni mdogo wangu aliyesema maneno ya mwisho kaburini, mbele ya wafanyakazi mia tatu wasiompenda, na hakuna aliyezomea. Hotuba ile nilimpa alama sabini na nane. Ndiyo ya juu kuliko zote alizowahi kupata kwangu.

Ndiyo, nampa alama. Mama yetu alifariki yeye akiwa na miaka tisa, mimi ishirini, nikamlea. Nilikuwa mwalimu wake shuleni na mama yake nyumbani, maskini, hakuwa na pa kukimbilia. Nilisahihisha daftari zake zote, na alipokuwa mbunge akaendelea kuniletea hotuba. Mimi simbadilishii siasa yake, hapana, hiyo ni mali yake. Nasahihisha lugha, na nasahihisha uwongo. Pembeni naandika "Chanzo?" au "Umetia chumvi" au, kama ni vibaya sana, "Rudia". Chini kabisa naweka alama. Ofisini kwake kuna Katibu, mtu mzima mwenye upara na moyo wa dhahabu, ambaye kwa miaka kumi na minane ameishi kwa sheria moja tu: karatasi isiyo na wino mwekundu haitoki. Wino umepita, hotuba imekwisha. Mchapaji anaingiza masahihisho, nakala zinatolewa, basi. Hakuna mwandishi wa habari hata mmoja aliyewahi kujua.

Sasa niwaambie jambo ambalo nalo hakuna aliyekuwa akilijua. Siku ile ya uchaguzi, miaka mitano iliyopita, mdogo wangu alinipigia simu jioni. Sauti imekwisha kwa kampeni. Hakuniuliza kitu, mimi mwenyewe ndiye niliyejipeleka: "Nimekupigia kura, mdogo wangu." Akasema, "Asante, dada." Nami sikuwa nimempigia. Nilitoka nyumbani nimeamua kabisa kumpigia yeye, nikaingia pale nyuma ya kibao cha kupigia kura, nikaiona alama ya chama cha marehemu mume wangu, ile niliyoipigia miaka arobaini, na mkono ukaenda wenyewe. Nilitoka nje. Nikajiambia kura ni siri, na moja haiangushi mtu. Halafu akashindwa, na ile "asante, dada" ikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Baada ya kushindwa, mdogo wangu alikaa nyumbani miezi mitatu akifungua redio. Anaifungua yote, anaipanga mezani, anaifunga tena. Mkewe, wifi yangu, akanipigia simu juzijuzi hapa.

"Wifi, jamaa ameanza kuimba bafuni."

"Basi anataka kugombea."

"Anataka sana. Chama hakimpi mtu nafasi ya tatu, anajua hii ndiyo ya mwisho. Lakini wifi, akishindwa tena, hapa nyumbani haitabaki redio nzima."

Tulicheka, ila sote wawili tuliogopa.

Mambo yalikuwa hivi. Halmashauri ya chama chao, wajumbe mia mbili na kumi na wanne, ilikuwa ikutane Ijumaa kumteua mgombea. Mdogo wangu alikuwa na watu wake. Lakini chamani mwao kuna kundi jingine, la vijana wa zamani wenye ngumi mezani, na kiongozi wao anaitwa Radi. Mtu huyo akisema "habari za asubuhi" unadhani umetukanwa. Radi hakuwa na wajumbe wa kutosha kushinda kwa hakika, ila alikuwa na wa kutosha kuharibu.

Jumatano saa tisa alasiri mdogo wangu akaja kwangu na bahasha. Alikuwa na suti nzuri, na macho hayatulii. Nikajua kuna jambo. Nilimlea yule, naweza kumsoma akiwa amenipa mgongo.

"Chai?"

"Sina muda, dada. Soma tu."

Nikatoa kalamu yangu kwenye kopo, nikavaa miwani. Ukurasa wa kwanza safi. Wa pili niliandika "Umetia chumvi" kwenye mstari wa barabara, mengine safi, mambo ya shule na kodi ya wenye maduka madogo, sikubaliani na nusu yake lakini imepangwa vizuri. Nikafika aya ya tisa. Ilisema hivi: wote waliovuka mpaka kuja kutafuta riziki kwetu wataondolewa masokoni ndani ya siku tisini, na meza zao wapewe wenyewe wenye nchi.

Nikaisoma tena. Nikavua miwani.

"Hii nani kaandika?"

"Mimi."

"Nani kaandika?"

Akakohoa. "Radi."

Akanieleza makubaliano. Aya ile isomwe kama ilivyo, Radi na watu wake wote wanamuunga mkono, hakuna mpinzani, uteuzi unapita kwa kupiga makofi. Isiposomwa, Radi anasimama mwenyewe palepale ukumbini, na hapo wanasema ni nusu kwa nusu.

"Na ukishakuwa rais, utawafukuza?"

"Ah, dada. Ni maneno ya kupita mlangoni tu. Nikishaingia ndani nitayalegeza."

"Jirani yangu hapo," nikanyoosha kalamu dirishani, "kazaliwa ng'ambo ya mpaka. Kaja hapa na miaka minne mgongoni kwa mama yake. Anashona na kuuza nguo sokoni miaka hamsini na zaidi. Kaptula yako ya kwanza ya shule kashona nani?"

Akatazama dirishani.

"Nakuuliza, kashona nani?"

"Yeye."

"Utaiweka wapi meza yake?"

"Dada, siasa si darasa!" Alipandisha sauti, jambo ambalo hajalifanya tangu abalehe. "Wewe unakaa hapa na kopo lako la kalamu, kila kitu kwako ni pata au kosa. Mimi nina nafasi moja. Moja! Nikiikosa, nchi anaichukua Radi au wenzako wa upande ule, na hao hawatakuja kukuletea hotuba usahihishe."

Nilikumbuka alipokuwa darasa la tano. Niliwapa insha, "Safari Yangu". Akaniandikia safari ya meli, mawimbi, kapteni, pwani, tamu kweli, na mtoto yule hajawahi kuona hata bwawa. Alinakili kwa mwenzake wa dawati. Nilimpa sifuri, nikamsimamisha mbele ya darasa aseme mwenyewe. Akasema, "Nimenakili. Ile si safari yangu." Alilia, nami usiku nililia kuliko yeye, lakini sikuifuta ile sifuri.

Basi nikaivuta karatasi, nikaizungushia aya ya tisa duara, na pembeni nikaandika kwa herufi kubwa: HII SI KAZI YAKO. UMENAKILI. SIFURI. Nikaweka tarehe, kama kawaida. Nikairudisha kwenye bahasha.

Akaichungulia, uso ukambadilika. Aliondoka bila kuaga, na mlango aliufunga polepole, nami ningependelea aubamize.

Kesho yake, Alhamisi, mchana mchana hivi, simu ikalia. Katibu.

"Mwalimu, shikamoo!"

"Marahaba. Hajambo huyo ndugu yangu?"

"Hajambo, tuko mbioni. Kikao kimesogezwa, ni leo saa nane, watu wa Radi wamelazimisha. Na mchapaji yuko likizo ya uzazi, basi nimehangaika peke yangu! Lakini nikakuta bahasha yako mezani. Mzee aliitupa tu pale jana akapita bila neno. Nikafungua, nikaona wino umepita, nikasema alhamdulillahi. Hapakuwa na muda wa kuchapa upya. Nimetoa nakala moja kwa moja."

"Nakala za nini?"

"Za wajumbe, Mwalimu. Mia mbili na kumi na nne. Zimeshawekwa kwenye viti. Na hii mashine mpya, usipime, inatoa mpaka rangi! Wino wako unang'aa utafikiri umeandika sasa hivi."

"Umezisoma?"

"Mimi? Mimi sisomi, Mwalimu. Nikiona nyekundu natoa."

"Ee Mungu wangu! Kazikusanye! Kimbia!"

"Mwalimu, milango imefungwa. Mzee yuko ndani, simu zote wameziacha mlangoni, na mimi niko nje. Kwani kuna kosa la lugha?"

Nikakata simu. Nikampigia mdogo wangu mara saba, na mara saba mwanamke yule wa kwenye simu akaniambia nijaribu baadaye. Nikapita uani nikamgongea jirani, maana televisheni yake ni kubwa kuliko yangu.

"Kuna nini?" akauliza, sindano ziko mdomoni.

"Fungua televisheni. Nimemuua mdogo wangu."

Tukakaa kwenye kochi lake, katikati ya marundo ya vitambaa. Ukumbi ukaonekana, mapazia, meza ndefu, Radi mstari wa mbele na tai kama ulimi. Mdogo wangu akasimama kwenye mimbari na nakala yake safi, ile aliyochapisha mwenyewe bila wino wangu. Kwa hiyo alikuwa amekusudia kuisoma.

Akaanza. Na wajumbe wakaanza kufunua kurasa. Mmoja akatabasamu. Mwingine akamsukuma mwenzake kiwiko. Mdogo wangu akasema nchi imejenga barabara maelfu ya maili, na nyuma huko mtu akacheka, kwa sababu pembeni mwa mstari huo niliandika "Umetia chumvi". Akashangaa, akaendelea. Kamera, hazina adabu hizi, ikashuka mpaka kwenye mapaja ya mjumbe mmoja mama, ikakaza, na taifa zima likaona mwandiko wangu.

"Mwalimu," jirani akasema taratibu, "si mwandiko wako ule?"

"Ndiyo."

"Ule wa kwenye ripoti za watoto wangu?"

"Nyamaza tuangalie!"

Akafika aya ya tisa. Alivuta pumzi, nikaona. Na kabla hajafungua mdomo, mtu wa nyuma akapiga kelele, "Sifuri!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Radi akageuka nyuma mzima mzima. Mdogo wangu akainua mkono kuomba utulivu, akashuka ngazi mbili, akamwomba yule mama nakala yake. Akaisoma akiwa amesimama palepale. Akasoma kwa muda mrefu kuliko maneno sita yanavyohitaji.

Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nilikaa nikiomba, chutama, mwanangu, chutama. Angeweza kusema ni hujuma. Angeweza kusema mwandiko haujui. Ningemsamehe, Mungu anajua, maana ile ilikuwa nafasi yake ya mwisho na mimi ndiye niliyeimwaga.

Akapanda tena mimbarini na karatasi ya yule mama, ile nyekundu. Akavua miwani.

"Ndugu wajumbe, mwandiko huu ni wa dada yangu. Ndiye aliyenilea, na anasahihisha hotuba zangu mpaka leo. Kwa wanaojiuliza, ndiyo, ni mkali." Watu wakacheka kidogo. "Aya ya tisa amenipa sifuri. Ana haki. Nimenakili. Hii si safari yangu."

Jirani hakuelewa kwa nini nilianza kulia hapo.

"Nilikubali kuisoma ili nipite," akaendelea. "Mnanijua, mimi ni mtu wa kuziba ufa. Aya hii ni ya kubomoa ukuta wa jirani ili nipate tofali. Aliyenishonea kaptula ya kwanza ya shule alivuka mpaka huo akiwa mgongoni. Siisomi. Naanza ya kumi."

Jirani akatoa sindano mdomoni. "Kaptula ya kaki," akasema. "Ilimpwaya, nikaitia mpira." Halafu akaniuliza walitaka kufanya nini na watu waliovuka mpaka, nikamweleza, akashika kitambaa alichokuwa akikishona akakikunja na kukikunjua.

Alipomaliza ya mwisho, Radi akasimama na kutangaza kuwa naye anagombea. Wakapiga kura za karatasi, kisanduku kikapita mstari kwa mstari. Ilichukua saa nzima. Jirani akapika chai mara mbili na zote tukazisahau. Radi, mia moja na nne. Iliyoharibika, moja. Mdogo wangu, mia moja na tisa.

Nilipiga vigelegele, mimi, mjane wa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, nikipigia vigelegele chama kile. Mtaa mzima ulinisikia. Wengine mpaka leo hawanisalimii vizuri.

Jumamosi asubuhi akaja peke yake, bila suti, na mkate chini ya kwapa. Akakaa kwenye kiti cha shemeji yake. Nikamimina chai.

"Katibu anataka kujiuzulu," akasema.

"Mwambie asithubutu."

"Nimemwambia. Nimempandisha cheo. Ila amewekewa sheria ya pili, asome kwanza." Akanywa chai. "Haya. Alama ngapi?"

"Sitini na nane."

"Sitini na nane! Dada, nchi nzima imesimama!"

"Ulisema 'kwa hiyo' mara nne kwenye aya ya mwisho."

Akacheka, akakata mkate. Tulizungumza habari za safari iliyo mbele. Wanasema nafasi yake ni ndogo, lakini ipo. Watu wa Radi wamenuna, wenzangu wa upande huu wana mgombea mzuri, ila kuna wengi wa katikati ambao hawajawahi kumpigia na sasa wanamsikiliza. Alisema haya kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na niliona kuwa ana furaha. Nilifurahi naye. Ningeiachia asubuhi ile ipite hivyo hivyo, ya chai na mkate.

Ndipo akatoa karatasi mfukoni. Ilikunjwa mara nne, mikunjo imechakaa mpaka inapitisha mwanga.

"Na mimi nina kazi ya kusahihisha," akasema, akaiweka mbele yangu.

Ilikuwa fomu ya matokeo ya uchaguzi, ule wa miaka mitano iliyopita. Shule ya Msingi ya Reli, chumba namba tatu. Chumba nilichopigia kura mimi. Mgombea wa chama cha mume wangu, mia mbili tisini na moja. Mdogo wangu, sifuri. Imeandikwa kwa tarakimu, na pembeni kwa maneno, kama fomu zinavyotaka: sifuri.

Unajua, katika miaka yote ile haikunipitia akilini. Nilidhani kura yangu imezama katika mamilioni. Sikufikiria kuwa katika chumba changu angekuwa hana hata moja ya kuificha yangu.

"Ulijua lini?" nikauliza.

"Kesho yake tu. Fomu za nchi nzima zimerundikwa mezani, Katibu analia, mawakili wanatafuta tumeibiwa wapi. Mimi nilitafuta chumba hiki kwanza."

"Na miaka mitano hukusema."

"Niseme nini? Kura ni siri. Nilichungulia, dada. Nilidhani utaniadhibu."

Nililia. Sioni haya kusema, nililia kama mtoto aliyefumaniwa. Nimemwanika mtu mbele ya taifa kwa kunakili aya moja, na mimi nimemdanganya kwa mdomo wangu siku aliyokuwa amechoka kuliko zote. Nyani haoni kundule, na huyu wa kwangu alikuwa na miwani na kopo la kalamu.

"Nilitaka kukupigia," nikasema. "Wallahi nilitaka. Mkono ukaenda wenyewe."

"Najua. Mkono wa shemeji ni mzito hata kaburini." Alinipa leso yake. "Sikuja kukusuta. Kosa lilikuwa langu. Mwaka ule niliomba kura nchi nzima, mlango kwa mlango, mpaka kwa watu walionifungulia mbwa. Wewe nilikuruka. Nikadhani ya dada ni yangu."

Akainuka, akapangusa makombo ya mkate kifuani, akanyoosha mkono juu ya meza kama kwa mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Mama, hujambo. Mimi ni yule wanayemwita Bwana Ziba. Nagombea urais. Naomba kura yako."

Nikaushika mkono wake. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, "utapata, mdogo wangu", tamu, rahisi, lingemfurahisha. Nikamtazama, mtoto wa kaptula ya mpira, miaka sitini na miwili, mvi mpaka nyusi. Nikafikiria ile hotuba na nusu yake nisiyokubaliana nayo. Nikamfikiria na marehemu.

"Sijaamua," nikasema.

Akabaki ameshika mkono wangu, akiniangalia. Halafu akaangua kicheko, cha kweli, cha tumboni, mpaka akakaa tena, mpaka jirani akachungulia uani kuona kuna nini.

"Kutoka sifuri mpaka sijaamua!" akasema akifuta macho. "Nikipata maendeleo hayo kila kituo, nimeshinda!"

Alimaliza mkate karibu wote peke yake, akaniachia hotuba ya wiki ijayo, akaondoka akiimba. Nilipokuwa nakusanya vikombe nikakuta ile fomu bado iko mezani, na kalamu yangu iko nje ya kopo. Pembeni ya sifuri alikuwa ameandika neno moja kwa wino mwekundu, na chini yake ameweka tarehe.

"Rudia."

Mwandiko ni mzuri sana. Nilimfundisha mwenyewe.